Usingizi Ndani ya Bakuli

Mdogo wangu alipokuja likizo safari hii, kitu cha kwanza alichokisifia nyumbani kilikuwa paa. Alisimama uani na begi lake begani, akaangalia juu, akasema, "Dada, mmeezeka! Sasa mvua itajiju." Mama akainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo. Mimi nikamwambia aingie ndani upesi, baridi ya Njombe imeshamsahau.

Lile paa lilikuwa miti yake, na yeye hakujua.

Mdogo wangu ni baharia wa meli za mizigo. Watu wakisikia hivyo hucheka, maana sisi ni watu wa viazi na njegere, na bahari tuliiona kwenye ramani ya darasani, imepakwa bluu pembeni mwa nchi. Vijana wa mjini walimtania sana alipoanza, wakamwita baharia wa kuogelea kwenye ukungu. Yeye akaenda Dar es Salaam, akasoma, akapata meli, na akawa anatuletea picha amesimama juu ya meli kubwa kama mtaa mzima, jua linawaka, amevaa miwani. Mimi nauza masweta ya mitumba sokoni, nasimama kutwa nzima miguu ikivimba. Nikiona zile picha nilikuwa namtumia ujumbe: "Wenzetu mnakula upepo tu." Alikuwa anajibu kwa kucheka. Hakuwahi kunibishia, na mimi kutobishiwa huwa nakuhesabu kuwa ni ushindi.

Kwa umri mimi ndiye mkubwa, ila yeye ndiye mtoto wa kiume wa kwanza. Tangu baba afariki, hakuna jambo la ukoo linalopita bila neno lake. Ndiyo maana alipopata meli za kwanza, kabla hata hajajinunulia redio, alinunua shamba Kitandililo, kule upande wa Makambako, akapanda milingoti, ile miti mirefu inayokatwa nguzo za umeme. Kila likizo alisema maneno yale yale: "Ikifika unene wa nguzo, nashuka melini na sipandi tena." Wengine hupanda miti ili watajirike. Yeye alipanda mlango wa kutokea, na wote tulilijua hilo.

Sasa nieleze jinsi tulivyoishi naye akiwa huko. Melini mtandao haupo kila wakati. Ukipatikana, kwenye simu zetu panawaka ile alama ya kijani kuonyesha kwamba yuko hewani. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuiona, kwa sababu simu yangu haitoki mkononi hata nikiwa napimia mteja sweta. Nikiiona tu, naandika kwenye kundi la familia: "Ndugu, kaka yuko hewani." Basi. Ni kama kupiga kengele ya shule. Huyu anamweleza mtoto karudishwa nyumbani, huyu ng'ombe wake haamki, mwingine jirani amesogeza mpaka wa shamba. Wanapiga mmoja baada ya mwingine, na yeye anapokea wote. Siku hizi nikiona kijani nanyamaza, lakini nimechelewa, wenzangu wameshajifunza kuangalia wenyewe.

Hakuna kati yetu aliyejiuliza ile saa ya kijani ni saa gani kwake. Ni yeye aliyekuja kunieleza, tena juzi juzi, baada ya mambo kuharibika. Anafanya kazi saa sita, anapumzika saa sita, mchana na usiku, miezi mfululizo. Katika zile sita za kupumzika ndimo anakula, anafua, anaitwa kwenye mazoezi ya kuzima moto. Meli ikiingia bandarini ndiyo usiseme, kila mtu anaitwa kwenye kamba na mizigo, zamu yako au si yako. Watu ni wachache na meli ni kubwa. Kinachobaki ndicho usingizi. Na hicho kilichobaki ndicho mimi nilikuwa nakipigia kengele.

Kikao chenyewe kilikuwa cha Jumapili, baada ya ibada, sebuleni kwa mama. Mvua ilikuwa inanyesha nje na ndani. Tulikuwa tumepanga masufuria sakafuni kukinga matone, na mtu akitaka kupita na chai ilibidi aruke. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye mwenyekiti wetu siku zote. Simu yangu tuliiweka ndani ya bakuli la bati katikati ya meza, sauti ivume ili wote wasikie. Ndani ya lile bakuli alikuwemo mdogo wangu.

"Shikamoo baba mdogo. Shikamoo mama. Dada, upo? Nawasikia," alisema.

Baba mdogo akaanza. Huwa haendi moja kwa moja kwenye jambo, huzunguka kwanza akasalimia na marehemu. Akaeleza kwamba paa limechoka, mama anakohoa, na amepatikana mnunuzi pale Makambako anayetaka mirunda, zile nguzo nyembamba za kushikilia zege majengo yanapojengwa. Milingoti ya Kitandililo bado myembamba kwa nguzo za umeme, akasema, lakini kwa mirunda imefika. Ikatwe yote, nyumba ya mama iezekwe.

"Mwanangu, unanipata?"

"Ndiyo, baba."

Akaendelea. Baadaye kidogo bakuli likasema, "Mm." Halafu likawa halisemi.

Kwetu jambo hufungwa kwa utaratibu. Mwenyekiti anauliza mara tatu: kuna mwenye neno? Aliyenyamaza mara zote tatu ameridhia, na haruhusiwi kuja kunung'unika jikoni baadaye. Ni utaratibu mzuri, umetuepusha na ugomvi mwingi. Waliouweka walikuwa watu waliokaa chumba kimoja wakitazamana machoni. Hawakufikiria bakuli.

"Kuna mwenye neno?" baba mdogo aliuliza. Tukanyamaza. Ndani ya bakuli mlikuwa mnatoka sauti kama ya upepo. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba hiyo ndiyo bahari.

Haikuwa bahari. Utotoni tulilala kitanda kimoja, mimi na yeye, tunagombania blanketi, na akishapitiwa tundu moja la pua yake hupiga mluzi mdogo mwishoni mwa kila pumzi. Nilikuwa naubana ule mluzi kwa vidole ili nami nipate usingizi. Ningeutambua popote pale duniani, na siku ile niliutambua.

"Kuna mwenye neno?"

Ningeweza kusema, "Baba mdogo, huyu amelala." Kusema si kazi kwangu, mtu yeyote sokoni atakwambia. Lakini tone lilianguka kwenye sufuria mbele ya miguu yangu, nikatazama juu kwenye bati lililooza. Mimi ndiye ninayeishi na mama kwenye nyumba ile. Mimi ndiye ninayeamka kumwaga masufuria. Nililitaka lile paa, jamani. Nililitaka mpaka meno yakaniuma. Na hapo hapo moyo wangu ukanipa sababu nzuri kabisa, ukaniambia: mwache kijana alale, kachoka. Nikauvisha uroho wangu nguo ya huruma, nikakaa kimya.

"Kuna mwenye neno?"

Mluzi. Baba mdogo akasema, "Amesikia, hana pingamizi," tukasimama tukafunga kwa sala. Nilipoitoa simu bakulini bado alikuwa anapumua.

Baba mdogo alimtumia ujumbe wa sauti kumjulisha kwamba makubaliano yatatekelezwa. Akajibu kwa kidole gumba. Alikuwa anamjibu kila mtu kwa kidole gumba siku zile, hata aliyemwambia kuku wake wamekufa.

Ndiyo hivyo, miti ikakatwa, mirunda ikapakiwa kwenye fuso, bati likaja. Usiku wa kwanza mvua iliponyesha juu ya bati jipya nililala fofofo. Nasema ukweli, nililala vizuri sana. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Sasa huyu hapa amerudi. Siku ya pili, tunakunywa chai, akamwambia mama, "Mama, mikataba miwili tu ya melini imebaki. Mitatu ikizidi. Milingoti inanisubiri." Mama akamkatia kiazi kingine. Mimi nikakumbuka ghafla kwamba kuna marobota ya kufungua dukani.

Halafu akalala. Mimi nimewahi kuona watu wamechoka, wakati wa kuvuna viazi hapa watu hulala na udongo miguuni, lakini usingizi wa namna ile sijauona. Alilala goti limebanwa ukutani na mkono mmoja umeng'ang'ania ukingo wa kitanda, kama vile chumba kitapinduka. Alikuwa anashtuka, anakaa, anapapasa sakafu akitafuta viatu. "Zamu ya nani?" anauliza, macho yako wazi lakini hayaoni. Mara ya kwanza nilikimbia kumwita mama. Mama akamshika bega akamlaza. "Zamu ya Mungu, mwanangu. Lala." Akatii, kama mtoto.

Alisinzia kwenye makande, kijiko kikiwa mdomoni. Kanisani alisinzia amesimama. Na kuna asubuhi nilimkuta jikoni amekaa wima mbele ya moto, hajalala, analia machozi bila sauti. Nilipomuuliza kulikoni alisema hajui, ni kimya tu, kule injini hainyamazi. Akafuta uso, akaniuliza kama kuna chai. Nikampa chai. Nilitaka kumwambia pale pale, nikaishia kumwongezea sukari.

Nikafanya nilichokiweza, nikawa askari wa mlangoni. Ndugu walikuja na kuku na matatizo yao, nikapokea kuku nikayarudisha matatizo. "Hayupo," nasema. Siku moja baba mdogo alifika, nikamwambia amekwenda Ipelele, kule Makete, kumwona rafiki yake. Baba mdogo akaviangalia viatu vya mdogo wangu mlangoni.

"Ameenda Makete pekupeku?"

Akaketi kwenye gogo, akavua kofia. "Umemwambia?"

"Baba mdogo, wewe ndiye mwenyekiti."

"Mimi niliuliza mara tatu, mwanangu. Wewe ndiye dada yake." Alisema kwa upole, na upole ule ulinikera kuliko matusi. Yeye dhamiri yake ilikuwa safi, aliuliza na hakujibiwa. Aliyekuwa na jibu ni mimi.

Mwishowe alituwahi. Aliamka asubuhi moja uso umemnyooka, akanyoa ndevu, akasema, "Dada, funga duka leo. Twende Kitandililo nikaone miti yangu." Mama akaniangalia. Nikachukua kitenge changu nikajifunga.

Ndani ya basi nilipiga moyo konde kwamba nitamwambia kabla hatujafika. Nikaanza, "Mdogo wangu, kuna jambo." Kichwa chake kikaniangukia begani. Na ule mluzi ukaanza. Kwa mara ya pili nikawa nimeshikilia usingizi wake na neno mkononi, na kwa mara ya pili sikumwamsha. Nilimwamsha Makambako, basi liliposimama. Tulichukua bodaboda mbili, na mtu hawezi kueleza jambo kama lile kutoka bodaboda moja kwenda nyingine. Nilishukuru kwa hilo, niseme ukweli.

Shambani alishuka, akasimama. Palikuwa peupe mpaka ng'ambo, visiki tu. Kwa muda alikuwa anageuza kichwa kama mtu anayedhani ameshushwa kusiko.

"Moto?" akauliza.

"Hapana. Tulikata. Kwa ajili ya paa. Kulikuwa na kikao."

"Mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwa hewani."

Nilimwona anatafuta, macho yanakwenda huku na huku chini, kama mtu aliyedondosha funguo kwenye majani. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea, akatikisa kichwa akakubali.

"Basi niliridhia," akasema. "Sikumbuki, lakini kama nilikuwepo, niliridhia." Akakaa juu ya kisiki. "Dada, nikuambie kitu ambacho hata melini sijamwambia mtu. Kuna wakati nafanya kazi na mimi sipo. Mkubwa wangu aliniuliza siku moja nani kafunga ile kamba. Nilikuwa nimeifunga mimi, wenzangu waliniona. Kamba ile ikifungwa vibaya inakata mtu miguu. Nilipoiangalia ilikuwa imefungwa sawa, lakini sikuwa na habari nayo. Mwili ulifunga. Tangu siku hiyo najiogopa. Kwa hiyo hili nalo ndilo lile lile. Msijilaumu. Ni mimi."

Alikuwa ananifungulia mlango. Ningepita tu. Angerudi baharini akiamini ameikata miti yake kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi ningerudi chini ya paa langu, na jambo lingeishia hapo hapo Kitandililo. Sitajisifu kwamba sikuutazama ule mlango. Niliutazama. Kilichonizuia ni lile neno, najiogopa. Paa nimeshamwibia. Nisingeweza kumwibia na akili yake.

"Hukuridhia," nikasema. "Hukusema kitu. Ulikuwa umelala. Watu walidhani ni bahari, lakini mimi nilikusikia. Ule mluzi wako. Nilijua umelala tangu mara ya kwanza baba mdogo alipouliza, nikanyamaza kwa sababu nililitaka paa."

Nilitegemea anitukane. Ningefarijika. Aliangalia mikono yake.

"Nililala muda gani?"

"Mpaka tulipofunga kwa sala. Na baada ya hapo. Sikuikata simu."

"Hakuna aliyeniamsha," akasema taratibu. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananishtaki au alikuwa ananishukuru, na nikifikiri kwamba huenda ananishukuru, ndipo naona aibu zaidi.

Akanyanyuka, akapiga goti kwenye kisiki kilichokuwa mbele yake. Milingoti ikikatwa haifi, huchipua. Kila kisiki kilikuwa na vichipukizi vingi vimesongamana, vinanyang'anyana. Akaanza kuvivunja kwa mkono, akibakiza kimoja tu kwenye kila kisiki, kile kilichonyooka, kama inavyotakiwa. Nami nikapiga goti kwenye mstari wa pili. Tukafanya kazi mpaka viganja vikanuka dawa ya kikohozi kwa majani yale. Sikumuuliza itachukua muda gani kufika unene wa nguzo. Wote wawili tumezaliwa huku, tunajua. Haikuwa mikataba miwili, wala mitatu.

Wakala wa meli alimpigia kabla likizo haijaisha, kuna mtu ameugua na nafasi iko wazi. Nilimsikia kutoka jikoni. Hakuuliza ni meli gani. Alisema, "Niko tayari," kwa sauti ya mtu anayejibu shikamoo.

Nilimsindikiza hadi Makambako, ambako alitaka kuyapitia machipukizi kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam. Tulipotoka shambani tulisimama stendi, begi lake katikati yetu. Nilimfungia sweta zuri kutoka dukani ingawa najua aendako kuna joto. Basi lilipoonekana nikamwambia, "Mdogo wangu, unisamehe." Akaweka sawa mkanda wa begi. Kondakta akachukua mzigo. "Umenisamehe?" nikauliza tena. Akapanda, akakaa dirishani, akafungua kioo. Nikalifuata lile dirisha. Sina haya, niliuliza mara ya tatu, watu wakisikia.

Basi likaondoka. Kwa utaratibu wa kwetu jambo limepita, nimeuliza mara tatu na hakuna aliyepinga. Lakini alikuwa macho, ananiangalia, na alinyamaza.